Tezi, omo na joshi: jinsi ya kuvitambua vyombo vya matanga vya Bahari ya Hindi

Siku hizi mtu akiandika kuhusu vyombo vya matanga vya pwani yetu, neno moja humtosha: jahazi. Bumu la Kuwait ni jahazi, mtepe wa Lamu ni jahazi, na ngalawa ya mvuvi ikipigwa picha jua linapozama nayo huandikwa jahazi. Tumeona hivyo vitabuni, kwenye vibao vya makumbusho, hata magazetini. Ni hasara kubwa, kwa sababu mafundi na mabaharia wa bahari hii walikuwa na jina kwa kila umbo, na jina hilo lilikueleza mengi kabla hujakisogelea chombo: kimetoka bandari gani, kinabeba nini, kinaweza kuingia kina gani cha maji, na kitafanya nini upepo ukiwa mbaya.

Mkanganyiko una chanzo chake. Watu wengi wamejifunza habari za merikebu kupitia vitabu vya Ulaya, na Ulaya ilikuwa na njia yake ya kuzipa merikebu majina. Huko waliangalia juu, kwenye milingoti na matanga. Merikebu ya milingoti mitatu, yote ikiwa na matanga ya mraba yaliyotandazwa kwa upana wa chombo, ndiyo iliyohesabiwa kuwa merikebu kamili. Ukiyatoa matanga ya mraba kwenye mlingoti wa nyuma ukaweka yanayofuata urefu wa chombo, ikawa barki. Milingoti miwili yenye matanga ya mraba ni brigi, na yenye matanga ya kufuata urefu ni skuna. Mwili wa chombo unaweza kubaki uleule kabisa. Tajiri akiona mabaharia wa kupanda juu wanamgharimu sana, aliweza kuiingiza merikebu yake gatini ikiwa kamili na kuitoa ikiwa barki.

Manowari zilikuwa na mpango mwingine juu ya huo. Katika jeshi la majini la Uingereza zilipangwa kwa idadi ya mizinga. Zile zenye mizinga mingi, kama 74 na kuendelea, zilikuwa na nguvu ya kusimama kwenye mstari wa vita, zikipigana ubavu kwa ubavu na adui. Frigeti ilikuwa na sitaha moja tu kamili ya mizinga, nyepesi na yenye mbio, kazi yake kupeleleza na kusindikiza. Unguja iliijua lugha hiyo vizuri. Sayyid Said alikuwa na manowari ya mizinga 74 iliyojengwa Bombay na kuitwa Liverpool, na mwaka 1836 akamzawadia Mfalme William IV wa Uingereza. Waingereza wakaipa jina la Imaum. Sultana, iliyokwenda New York mwaka 1840 ikimchukua mjumbe Ahmad bin Naaman, nayo ilitoka Bombay na ilibeba matanga kwa mtindo wa Kizungu.

Kwa hiyo katika bandari moja ya Unguja mifumo miwili ya majina ilikuwa ikiishi pamoja, na wenyeji waliitumia yote bila shida. Merikebu za kigeni walizihesabu milingoti. Askofu Edward Steere, aliyekusanya maneno ya Kiswahili Unguja katika karne ya 19, aliandika kwamba barki iliitwa merikebu ya milingoti miwili na nusu. Napenda sana hesabu hiyo: aliyeitoa aliona kuwa mlingoti wa tatu haufanyi kazi sawa na wenzake, akaupa nusu yake ya haki. Lakini walipogeukia vyombo vya bahari yao, watu walewale hawakuhesabu mlingoti hata mmoja. Walitazama chini, kwenye mwili.

Wangefanyaje vingine? Karibu vyombo vyote vikubwa vya upande huu vilikuwa na tanga la aina moja, lililotundikwa kwenye foromali, yaani boriti ndefu inayolala mshazari juu ya mlingoti. Bagala kubwa lilikuwa na mlingoti mkuu na mwingine mdogo nyuma uitwao galme. Chombo kidogo kilikuwa na mmoja. Kuongeza galme au kuiondoa hakukubadilisha jina. Kilichobadilisha jina ni tezi na omo.

Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, na ngama ni chini kabisa ndani, maji ya kuvuja yanapojikusanya. Wengi tunaijua methali ya tezi na omo marejeo ni ngamani, na tunaitumia vyema, hata kama hatujawahi kukanyaga ubao wa chombo. Sasa anza na tezi. Simama nyuma ya chombo kilichopwelewa mchangani uangalie: je, mbao za pande mbili zinakutana na kufungana kwenye mti mmoja wima, au zinaishia kwenye ubao mpana kama ukuta? Zikikutana, tezi imechongoka. Zikiishia ukutani, tezi ni bapa. Ukishajibu hilo, umevigawa vyombo vyote vya bahari hii mafungu mawili.

Kwenye fungu la tezi iliyochongoka wamo bumu, bedeni, batili, dau na mtepe. Kwenye fungu la tezi bapa wamo bagala, ganja, kotia la Wahindi, sambuki, betela, na kwetu jahazi na mashua. Wanahistoria wengi wanaona kuwa tezi bapa iliingia bahari hii baada ya merikebu za Wareno kufika mwishoni mwa karne ya 15, mafundi wa India na Uarabuni walipoiona na kuichukua. Tezi iliyochongoka ndiyo ya zamani zaidi.

Ukishaijua tezi, nenda omo. Bumu lina mti wa mbele mrefu ulionyooka, unaochomoza mbali juu ya maji. Hulikosi hata likiwa upeo wa macho. Bedeni la Oman lina omo iliyosimama wima, kichwa cha usukani kimepanda juu, na mlingoti wake umesimama wima pia, ilhali milingoti ya vyombo vingine vingi huinamia mbele. Sambuki lina hanamu, yaani mti wa omo unaokata maji, iliyopinda kwa madaha na tezi bapa isiyo na mapambo mengi. Bagala na ganja ndizo zilizokuwa fahari ya bahari: tezi pana iliyonakshiwa, yenye madirisha, kama walivyoona mafundi kwenye merikebu za Kizungu, ila nakshi ni za kwao. Ganja liitwalo Fath al-Khair, lililojengwa Sur mwaka 1951, limehifadhiwa hukohuko Sur nchini Oman. Bagala lilikufa mapema kuliko bumu kwa sababu ya gharama. Tezi yenye nakshi na madirisha inakula mbao na miezi ya seremala, na tajiri wa Kuwait aliyetaka tu kupeleka tende na kurudi na boriti hakuona sababu ya kuilipia.

Pwani yetu nayo ina tofauti zake. Jahazi la Lamu na jahazi la Unguja yote ni ya tezi bapa, lakini la Lamu omo yake inakaribia kusimama wima, na la Unguja hanamu yake imelala kuelekea mbele. Pembeni mwa omo, jahazi la Lamu huvaa macho: vipande vya mbao vya mviringo vilivyochongwa na kupakwa rangi, mara nyingi vikiwa na mwezi na nyota. Mashua ni ndogo kuliko jahazi, tezi bapa vilevile, chombo cha uvuvi na safari fupi. Dau ni dogo lenye ncha pande zote mbili. Ngalawa inatoka ukoo mwingine kabisa: ni gogo lililochongwa, lenye matengo kila upande ya kulizuia lisipinduke. Wataalamu wanaihusisha na mabaharia wa visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia, wale ambao vizazi vyao viko Madagaska hadi leo. Mtumbwi ni gogo lisilo na matengo. Majina haya mawili huchanganywa kila siku, na tofauti yake si ndogo, kwa sababu ngalawa hubeba tanga kubwa ambalo mtumbwi ungelibeba ungelala ubavu mara moja.

Lipo jambo la tatu la kutazama baada ya tezi na omo, nalo ni mbao zimeunganishwaje. Hapa ndipo lazima nikae na mtepe, kwa sababu hakuna chombo kingine cha Waswahili kilichosahauliwa kwa haraka hivyo.

Mtepe haukuwa na msumari. Mbao zake zilitobolewa matundu pembezoni, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na matundu yakazibwa kwa vijiti. Fundi alishona ngozi ya chombo kwanza, kisha ndipo akaingiza mataruma, yaani mbavu za ndani. Ni kinyume cha desturi ya baadaye ya Ulaya, ambako mbavu husimamishwa kwanza na mbao hupigiliwa juu yake. Chombo kilikuwa kipana na kifupi wa kina, kimechongoka omo na tezi. Kichwa cha omo kilichongwa mfano wa kichwa cha ngamia na kupambwa kwa rangi na vishada. Juu ya mlingoti ilipepea bendera nyeupe. Tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba.

Aliyezoea misumari huuona ushonaji kama umaskini wa chuma. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alilieleza vizuri zaidi alipoandika juu ya kamba za makumbi: chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, kilichoshonwa hujikunja kidogo na kuvumilia. Pwani yetu imejaa miamba na mafungu ya mchanga, na vyombo vyake havikufunga gatini, vilipandishwa mchangani maji yakijaa na kulazwa ubavu yakipwa. Chombo kigumu kikilazwa hivyo kila siku huachia mapengo. Mtepe ulijinyoosha. Bei yake ilikuwa maji: ulivuja muda wote, na daima kulikuwa na mtu ngamani akiyakumba.

Ushahidi wa ushonaji huu ni mrefu. Mwongozo wa safari wa Kigiriki wa karne ya 1, unaoeleza bandari za Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki, unataja mji wa biashara wa Rhapta na kusema kuwa uliitwa hivyo kwa sababu ya vyombo vyake vya kushonwa. Vasco da Gama alipofika Msumbiji mwaka 1498, mwandishi wa safari yake aliandika kuwa vyombo vya pale havina misumari, mbao zimefungwa kwa kamba, na matanga ni ya mkeka. Akaongeza kuwa manahodha wake wana dira, vyombo vya kupimia nyota na ramani. Kamba na dira vilikaa chombo kimoja, na mwandishi huyo hakuona ajabu kuviandika pamoja. Mwaka 1998 mabaki ya merikebu ya karne ya 9 iliyoshonwa yaligunduliwa karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, pamoja na shehena kubwa ya vyombo vya udongo vya China. Oman ikajenga mfano wake bila msumari mmoja, ikauita Jewel of Muscat, na mwaka 2010 ukasafiri kutoka Muscat hadi Singapore. Mbao zake zilikuwa za mti wa jamii ya mkongo kutoka Afrika, ndugu wa mti ambao Lamu huuita mbambakofi na kuupasulia mbao za majahazi.

Mitepe ya mwisho ya kazi ilijengwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, huko visiwa vya Lamu. Mfano mmoja wa ukubwa kamili ulijengwa upya mwanzoni mwa karne hii na kuwekwa katika Beit al-Ajaib, Unguja, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Nasema wazi kwamba nchi zenye pwani ndefu kama zetu zingepaswa kuwa na mitepe inayoelea, inayofundishiwa vijana kushona, badala ya kutegemea mfano mmoja ndani ya ukumbi.

Sasa tupandishe tanga, maana majina ya tezi na omo hayamalizi habari. Henza ni kamba inayoinua foromali. Demani ni kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, ambayo baharia huilegeza au kuivuta kadiri ya upepo. Goshi ni pembe ya mbele iliyofungwa chini. Upande wa chombo unaokabili upepo ni goshini, na wengi husema joshi. Upande wa pili, ambako tanga limefura na demani imevutwa, ni demanini. Kwenda joshi ni kukielekeza chombo karibu na kule upepo utokako.

Hakuna chombo kinachoweza kwenda moja kwa moja kinyume cha upepo. Kinachowezekana ni kubisha: kukata mshazari kuelekea kulia, kisha kushoto, tena kulia, kila mara ukipata kidogo. Tanga la pembe tatu, au lile la vyombo vikubwa lenye pembe ya mbele iliyokatwa kidogo, linaweza kubisha vizuri, kwa kuwa makali yake ya mbele yananyooshwa na foromali na kuupasua upepo. Tanga la mraba hufaa zaidi upepo ukitoka nyuma. Ukilisogeza karibu mno na upepo hulegea na kupigapiga, hasa likiwa la mkeka.

Rudi sasa kwenye methali: dau la mnyonge haliendi joshi. Tumezoea kuisikia kama habari ya umaskini, na ndivyo ilivyo. Lakini Steere huyohuyo analieleza dau la Unguja la wakati wake kuwa chombo kidogo kisichofunikwa, kilichochongoka tezi, chenye tanga la mkeka la mraba. Kwa maoni yangu methali hii ilianza kama kauli ya ufundi iliyo sahihi kabisa. Mwenye dau la mkeka alijua kuwa jahazi la tajiri likipandisha tanga lake la kitambaa cha marekani litabisha na kumwacha, na yeye atangoja upepo ugeuke. Ndiyo maana pia wanaoimalizia husema likienda joshi ni Mungu kupenda.

Kubisha kwenyewe kwa foromali kubwa ni kazi ya hatari. Merikebu ya Kizungu hupindua kwa kupitisha omo kwenye upepo. Chombo kikubwa cha foromali hakiwezi kufanya hivyo kwa usalama, kwa sababu tanga lingegandamana na mlingoti na kuuvunja. Nahodha hukipindua kwa upande wa pili, akiupa upepo tezi. Wakati chombo kinazunguka, mabaharia huisimamisha foromali, ambayo mara nyingi ni ndefu kuliko mlingoti wenyewe, wakaipitisha mbele ya mlingoti, na wengine wakakimbia na demani kuizungusha upande mpya. Ndiyo sababu mlingoti huinamia mbele: huipa foromali nafasi ya kuzunguka. Kila mzunguko hukurudisha nyuma kidogo ya ulikokuwa, kwa hiyo nahodha mwenye akili hakubisha ila alipolazimika.

Alingoja musimu. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na huleta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba na India. Kusi huanza Aprili na kuvirudisha. Katikati ya mwaka Kusi huwa na nguvu mno na bandari za magharibi mwa India zilikuwa zikifungwa, hivyo vyombo viliondoka mwanzoni kabisa mwa Kusi, au vilingoja hadi makali yapungue kuanzia Agosti, majira ambayo pwani huyaita demani. Mwandishi na baharia wa Australia, Alan Villiers, alisafiri na mzunguko huu mwaka 1938 na 1939 ndani ya bumu la Kuwait la nahodha Ali al-Nejdi. Walifika Mombasa na Unguja, wakaingia delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, wakarudi nazo Ghuba, ambako boriti hizo ziliezekea nyumba.

Leo kinachoamua umbo la chombo si musimu tena. Ni mashine. Mashine ya kufunga nyuma inahitaji ukuta wa kuning'inia, na tezi bapa inao tayari. Dau lenye tezi iliyochongoka halina pa kuifunga, hivyo fundi ama aikate tezi iwe bapa, ama aweke mashine ndani na kutoboa njia ya shafti. Mlingoti unafupishwa, maana tanga limekuwa msaada wa dharura, na foromali fupi haihitaji tena mlingoti ulioinama. Kwa hiyo ukipita Nungwi ya Unguja au Matondoni ya Lamu ukakuta fundi anaanza chombo kipya, huna haja ya kungoja milingoti isimamishwe. Tazama anavyoimaliza tezi, umwulize mwenyewe atakiitaje.